Jina Moja Kutoka Mkahawani

Gozbert alipoambiwa kwamba kijiji kimemchagua kuwa meneja wa mkahawa, kitu cha kwanza alichofanya ni kwenda kwa fundi cherehani kupimwa suti ya kaunda. Cha pili ni kumwambia rafiki yake Kazimili asimwite tena Gozi mbele za watu.

Tusimcheke sana. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na miwili, na tangu azaliwe hajawahi kuwa mkubwa wa kitu chochote isipokuwa mbuzi wa baba yake. Mtu wa namna hiyo ukimpa kiti chenye mgongo, lazima akikalie kwa siku kadhaa kabla hajakumbuka kwamba ana miguu.

Mkahawa wenyewe ulikuwa upande wa Nyabusozi, wilayani Biharamulo, penye njia panda ambapo malori ya kwenda na kutoka Ngara yalisimama kupoza injini. Aliyeujenga ni marehemu Mzee Kombo, mfanyabiashara mwenye asili ya pwani, na ndiye aliyewazoeza watu wa hapa kunywa kahawa. Kabla yake kahawa ilitafunwa. Ilichumwa mbichi, ikachemshwa na majani yenye harufu nzuri, ikaanikwa, na mgeni akifika alipewa kiganjani kabla hata ya kuulizwa habari za safari. Kuikaanga, kuitwanga na kuichemsha hadi iwe maji meusi kulionekana uharibifu wa mali. Lakini Mzee Kombo alikuwa mvumilivu, na dele lake, birika la shaba la kahawa, lilikuwa linang'aa. Wazee wakaja kuliangalia, wakaonja, wakazoea.

Mwaka sabini na sita ikaja Operesheni Maduka. Biashara za watu binafsi zikafungwa, mkahawa ukawa wa kijiji, na dele pia. Mzee Kombo hakumaliza mwaka. Mjane wake, Bi Biubwa, akabaki kukaanga vitumbua katika jiko alilojengewa na mumewe, sasa akiwa kibarua, na mwanawe wa pekee, Habibu, akawa mgawa vikombe. Kazimili alikuwa mpikaji wa kahawa, kazi aliyoachiwa na Mzee Kombo mwenyewe. Meneja wa kwanza alipohama kumfuata mkewe Chato, wajumbe wakakaa, wakamchagua Gozbert, kwa sababu amemaliza darasa la saba na mkutanoni hakuogopa kusimama.

Kazimili alifurahi kuliko mwenye cheo. Siku ile alimshika mkono Gozbert, akacheka mpaka kifua kikambana, maana kifua chake kilikuwa kibovu tangu utotoni. Kikimbana kilipiga mluzi mwembamba, ukausikia hata ukiwa upande wa pili wa ua.

Hawa wawili hawakuwa marafiki wa kunywa rubisi pamoja na kuachana njiani. Walikuwa wamekula mkago. Siku hizi vijana hawaujui, na mapadri waliupiga vita, kwa hiyo acha nieleze. Tunda la kahawa lina punje mbili ndani ya ganda moja, zimelala uso kwa uso. Wanaotaka kuwa ndugu huchanjwa kidogo karibu na kitovu. Kila mmoja huchovya punje yake katika damu yake mwenyewe, humpa mwenzake, na mwenzake huimeza. Baba yake Kazimili ndiye aliyewachanja, migombani nyuma ya nyumba, walipokuwa vijana wa kuanza kunyoa ndevu. Wakasema maneno yanayosemwa: ukija uchi nitakuvika, ukija usiku nitakufungulia, ukiniomba sitakunyima, na nikikunyima punje hii ivimbe tumboni mwangu. Tangu hapo kila mmoja akawa munywani wa mwenzake, na munywani ni zaidi ya ndugu wa tumbo moja, kwa sababu ndugu wa tumbo moja unaweza kumnyima.

Ndiyo maana munywani haombi ovyo. Gozbert aliwahi kuomba mara moja tu, alipopungukiwa mbuzi mmoja wa mahari. Kazimili alikuwa na mbuzi mmoja. Alimfungua kamba, akamleta, akarudi nyumbani na kamba mkononi, na hakuna siku aliyomkumbusha.

Basi Gozbert akapelekwa semina Biharamulo mjini, semina ya viongozi wa miradi, akarudi na maneno mapya: mpangilio, usafi, nidhamu ya kazi. Akapaka kuta chokaa. Akawakataza wazee kuweka fimbo zao juu ya meza. Kisha akaona kwamba moshi wa kukaangia kahawa pale barazani unawaingia wateja machoni, akaamuru kijengwe kibanda cha nyasi nyuma ya jiko, chenye mlango mmoja mdogo, na Kazimili akaangie humo.

"Humo hewa haitatosha, Gozi," Kazimili alisema.

"Ndugu Meneja," Gozbert akamsahihisha, kwa sababu Habibu alikuwa anasikia.

"Haitatosha, Ndugu Meneja," alisema Kazimili, bila kinyongo, akaingia.

Kifua kikazidi. Kila baada ya kukaanga alitoka ametota jasho, macho mekundu, akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa na kupiga mluzi wake. Kisha alijimiminia kahawa ya chini ya dele, ile nzito kama uji, bila sukari, akainywa polepole hadi atulie. Gozbert alidhani ni uroho wa mpishi. Siku moja alimwambia, kwa sauti ya semina, kwamba hata kahawa ya chini ya dele ni mali ya mradi. Kazimili aliitikia. Tangu siku hiyo akawa anainywa ndani ya kibanda, asionekane.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na meneja mgeni naye alikuwa na yake: alitaka kila mtu aone kwamba anaweza. Ubaya wake ulianzia hapo. Roho yake haikuwa mbaya.

Mwishoni mwa mwaka sabini na nane redio ikatangaza kwamba jeshi la Amin limeingia nchini, limeshika ardhi yetu mpaka mtoni Kagera. Watu walijaa mkahawani wakiwa na vikombe vitupu, wakisikiliza. Haukupita muda akaja Leonidas, katibu wa kijiji, mtu mkavu asiyekaa hata ukimvutia kiti. Akamwita Gozbert pembeni.

"Kila mradi utoe mtu mmoja wa kwenda mgambo," alisema. "Mashine ya kusaga wameshatoa. Duka wametoa. Wewe niletee jina moja. Lori linakuja kesho asubuhi."

"Jina lipi?"

"Hapa mna wanaume watatu. Utajua wewe, si ndiye meneja?"

"Hata mimi nimo?"

"Hata wewe, ukitaka," Leonidas alisema, akamtazama kidogo. "Ila tumekuchagua juzi tu."

Gozbert akaishika ile "ila" kama mtu anayezama anavyoshika unyasi. Nani angeendesha mkahawa? Mke wake alikuwa mjamzito. Na kwa kweli, tuseme wazi, aliogopa. Jina lake mwenyewe akaliweka kando haraka, akabaki na mawili.

Habibu alikuwa mtoto wa pekee wa mjane. Siku kijiji kilipopiga kura kuuchukua mkahawa, Gozbert naye alinyoosha mkono, na tangu hapo alikuwa hawezi kumtazama Bi Biubwa usoni kwa muda mrefu. Kumnyang'anya mkahawa, kisha mtoto? Hapana.

Akabaki Kazimili. Hapo ndipo Gozbert akapata wazo lililomfanya ajione ana akili nyingi sana. Wote wanaokwenda mgambo hupimwa na daktari pale Biharamulo. Daktari akiweka kipimo kwenye kifua cha Kazimili atasikia mluzi, atamrudisha siku hiyo hiyo. Mradi utakuwa umetoa jina lake, hakuna atakayeomba jina la pili, Habibu atabaki, Gozbert atabaki, na Kazimili atakunywa kahawa yake jioni kana kwamba hakuna lililotokea. Hakuna atakayepotea. Aliona ajabu kwamba jambo gumu namna ile limekuwa rahisi. Wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa, lakini nani huwakumbuka wahenga anapojiona mjanja?

Alikusudia kumwita Kazimili faraghani amweleze. Lakini Leonidas alikuwa na haraka. Aliposikia jina akasema twende tumwambie, akatangulia nyuma ya jiko. Kazimili akatoka kibandani akijifuta macho kwa mkono wa shati, chekecheke mkononi.

"Ndugu Kazimili," Gozbert alisema, akikohoa kidogo. "Taifa limevamiwa. Mradi wetu unatakiwa kutoa mtu mmoja. Wewe ndiye umeteuliwa."

Kazimili alimwangalia kwanza yeye, kisha katibu, kisha yeye tena. Aliweka chekecheke chini.

"Ni wewe unayeniomba, au ni kijiji?" aliuliza.

Swali lenyewe lilikuwa jepesi, na jibu la kweli lilikuwepo: ni kijiji. Angesema hivyo, Kazimili angekuwa na ruhusa ya kusema kifua changu hakiwezi, na Leonidas angesikia kwa masikio yake. Lakini Gozbert aliona katibu amekunja mikono anasubiri. Aliona aibu kuonekana kijumbe wa kupeleka maneno ya watu, yeye aliyekaa semina. Tena alidhani, na hili alilidhani kwa dhati, kwamba kuombwa na rafiki ni kutamu kuliko kuamriwa na serikali.

"Ni mimi ninayekuomba," alisema.

Kazimili aliinamisha kichwa. "Haya, munywani," alisema, na akarudi ndani kumalizia kahawa iliyokuwa motoni isiungue.

Jioni ile Gozbert alitaka kwenda nyumbani kwa Kazimili kumweleza hila yake. Ukaitwa mkutano wa kijiji wa ulinzi, naye kama meneja akakaa mbele, na watu wakauliza maswali mengi, na yeye akajibu mengine. Ulipokwisha alisema moyoni, kesho asubuhi nitamwambia.

Asubuhi Kazimili alifika mkahawani kabla ya lori, blanketi limefungwa kwa kamba ya katani. Alikuwa amenyoa. Kifua kilikuwa kinapiga mluzi, maana ukungu wa Novemba ulikuwa mzito, na Gozbert aliposikia alifurahi. Sawa sawa, alisema moyoni.

"Nipikie wewe leo, munywani," Kazimili alisema. "Nzito. Ya chini ya dele."

Gozbert akavua koti la kaunda, akakunja mikono ya shati, akampikia. Aliona ni heshima, meneja kumpikia mpikaji wake, akaipika vizuri, kahawa nyingi na maji machache. Kazimili alikunywa kikombe kimoja polepole. Akaomba cha pili. Gozbert alimsogelea.

"Huko mtapimwa," alimnong'oneza. "Daktari akikuuliza, mwambie ukweli."

"Usiwe na wasiwasi," alisema Kazimili. "Sitakuaibisha."

"Hapana, nasema kifua chako..."

Lori likapiga honi. Leonidas akaita majina kwa sauti. Kazimili akamaliza kikombe, akakipangusa kwa kidole gumba kama alivyofanya siku zote, akakirudisha mahali pake. Mkewe, Restituta, alikuwa amesimama barabarani na binti yao Josefina mgongoni. Waliagana bila maneno mengi. Gozbert alipunga mkono kwa furaha mno, hata watu wengine wakamshangaa.

Siku nzima alisubiri. Alimwambia Habibu asikiguse kile kikombe. Alasiri wakaonekana wanaume wanarudi kwa miguu, wale waliokataliwa, na Gozbert akatoka hadi katikati ya barabara. Alikuwemo Shibuda wa mashine ya kusaga, aliyerudishwa kwa sababu ya ngiri.

"Kazimili yuko nyuma?" Gozbert aliuliza.

"Kazimili kapita."

"Kapitaje?"

"Kapita tu. Daktari kamsikiliza mbele na mgongoni, kasema safi. Kamuuliza una ugonjwa wowote, kasema hana." Shibuda alitua mzigo wake. "Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye foleni. Nikamwambia, wewe na kifua hicho, si useme? Kanijibu, munywani wangu ameniomba. Ningesema nini hapo?"

Gozbert aliingia ndani, akakaa kwenye kiti chake chenye mgongo. Alihisi kitu kigumu chini ya kitovu, kama punje iliyoanza kunywa maji. Alikaa hivyo mpaka Bi Biubwa alipokuja kufunga madirisha.

Kesho yake alikwenda Biharamulo, sehemu kwa miguu na sehemu kwa baiskeli ya kupakiwa, akakuta uwanja mtupu na matope ya magurudumu. Walikuwa wamepelekwa Kyaka. Akarudi kwa Leonidas, akamwambia amekosea, amwandike yeye badala yake.

"Mradi wako umeshatoa," Leonidas alisema.

"Yule ni mgonjwa."

"Daktari kasema mzima. Wewe ni daktari?"

"Basi nipeleke na mimi."

"Halafu nikamtafute meneja mwingine? Gozbert, maji yakimwagika hayazoleki. Nenda kafungue mkahawa, watu wanataka kusikia redio."

Akaenda akafungua. Ungefanya nini?

Miezi iliyofuata ilikuwa mirefu. Malori yalichukuliwa kwenda vitani, njia panda ikaota majani. Sukari ikaadimika, kisha ikakoma. Gozbert ndiye aliyekuwa anakaanga sasa. Siku ya kwanza aliyoingia kwenye kile kibanda cha nyasi na kuwasha moto, hakumaliza hata chungu kimoja. Alitoka anakohoa, machozi yanamtiririka, akasimama uani akipigania pumzi, na yeye kifua chake kilikuwa kizima. Kisha akashika nguzo za kibanda, akaziyumbisha mpaka zikang'oka, akabomoa chote kwa mikono yake na kukanyaga nyasi. Habibu alidhani meneja amerukwa na akili. Kuanzia siku hiyo kahawa ikakaangwa tena barazani, machoni pa wateja, kama zamani za Mzee Kombo.

Lililomuumiza zaidi ni shukrani. Bi Biubwa alijua kwamba kulitakiwa jina moja na kwamba jina la mwanawe halikutajwa. Kila asubuhi alimwekea Gozbert vitumbua viwili kwenye sahani ya udongo, sahani iliyokuwa ya mumewe.

"Mwanangu," alimwambia siku moja, "tulikuwa tumekufungia moyo, mimi na Habibu. Mungu atusamehe. Kila nikiswali nakuombea."

"Usiniombee mimi, mama. Mwombee Kazimili."

"Namwombea pia. Lakini wewe kwanza."

Gozbert alivichukua vile vitumbua, akavipeleka kwa Restituta kwa ajili ya Josefina. Yeye hakuonja hata kimoja. Alikonda uso, lakini tumbo aliona limejaa, na mara kwa mara, akidhani haonekani, alilipapasa lile kovu dogo la chale ya mkago. Ngoja ngoja huumiza matumbo, husema watu, na yeye alikuwa anangoja.

Restituta hakumlaumu hata siku moja, na ingekuwa nafuu kama angemlaumu. Alimwita shemeji, kama zamani. Akifika alimpa kigoda, akamtolea kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo, kama anavyopewa mtu wa nyumbani. Gozbert aliitia mdomoni, akaisukuma shavuni, na akifika njiani aliitema.

Vita vikaisha. Redio ikacheza nyimbo. Mgambo wakaanza kurudi, wengine na redio mpya mabegani, wengine na fimbo. Kila lori lililosimama, Gozbert alitoka. Ilikuwa Julai, wakati wa vumbi, aliposhuka kijana mmoja aliyeitwa Audax, mtu wa Bukiriro kule Ngara, akaingia kusubiri gari la kwao. Alikunywa kahawa bila sukari, akatazama dele, akatabasamu.

"Hili ndilo dele la Kazimili?" aliuliza.

Gozbert alishika ukingo wa meza. "Unamjua?"

"Tulikuwa kikosi kimoja. Alilisifu dele hili mpaka tukalichoka." Kisha akamtazama usoni na tabasamu likaisha. "Hamjaletewa habari?"

"Tuambie wewe."

Audax alizungusha kikombe mkononi. Alisema ilikuwa ng'ambo ya mpaka, mwezi wa tatu, mvua haikatiki, wamelala ndani ya maji usiku na mchana. Hapakuwa na risasi siku hiyo, hata moja. Kazimili kifua kilimziba alfajiri, na jua lilipotoka alikuwa amekwisha kufa. Walimzika hapo hapo.

"Sajini alishamwambia mara nyingi arudi nyuma na wagonjwa," Audax alisema. "Akawa anakataa. Anasema kuna mtu kamwomba aende, hawezi kurudi kabla kazi haijaisha. Nasi tukadhani pengine ni mzazi wake."

"Hakuna kingine alichosema?"

"Alikuwa anaulizia kahawa tu. Kila tunapofika, kahawa. Na kule mibuni imejaa pande zote, lakini moto tulikatazwa, adui asione moshi. Tulikuwa tunamtania, mlevi wa kahawa wewe." Alisukuma kikombe mbele. "Wewe ni nani yake?"

"Mimi ni meneja," Gozbert alisema. Ndilo jibu lililomtoka. Hakuweza kulitamka lile jingine.

Alikwenda yeye mwenyewe kumwambia Restituta. Wakakaa matanga bila maiti, wakapanda mgomba mahali ambapo kaburi lingekuwa. Baada ya hapo Gozbert alikwenda kwa Leonidas kuomba kuacha umeneja. Leonidas alimjibu kwamba nchi inafunga mkanda, hakuna mtu wa kuweka pale, na cheo ni dhamana. Akarudi akakalia kile kiti. Suti ya kaunda ilikuwa imempwaya mabegani, na alikuwa haitwi tena Gozi na mtu yeyote duniani.

Agosti ile vumbi lilikuwa jingi. Asubuhi moja, kabla hajaondoa ubao wa dirisha, alisikia mluzi uani. Alijua mluzi ule. Akafungua mlango wa nyuma, akamwona Restituta amesimama karibu na kinu, na Josefina mikononi mwake, mtoto mkubwa wa kutembea ambaye sasa alibebwa kama kichanga, mabega yanapanda na kushuka, mdomo wazi.

"Amekirithi kifua cha baba yake," Restituta alisema. "Tangu usiku. Shemeji, mpikie kahawa nzito. Usitie kitu."

"Kahawa? Mtoto?"

"Mpikie. Ndiyo dawa yao. Baba yake kilipomziba alikunywa hiyo tu, kifua kinafunguka, hata ukiweka sikio husikii kitu." Alisema bila kumtazama, anampapasa mtoto mgongo. "Hukujua? Miaka yote hiyo?"

Gozbert alichukua dele. Aliwasha moto. Kahawa nyingine ikamwagika majivuni. Akaipika kama alivyoipika asubuhi ile, kahawa nyingi na maji machache, akamimina kwenye kikombe ambacho Habibu alikuwa hajawahi kuruhusiwa kukigusa, akakipoza kwa kukipuliza, akapiga magoti mbele ya mtoto. Josefina alikunja uso kwa uchungu wa kahawa, akameza. Wakakaa watatu pale chini. Mluzi ukawa mwembamba. Ukawa wa kukatika katika. Jua lilipogusa paa la jiko, mtoto alikuwa amelaza kichwa begani kwa mama yake, anatazama kuku.

Gozbert alisogea, akaweka sikio mgongoni kwa Josefina, mahali ambapo daktari wa Biharamulo alikuwa ameweka kipimo chake. Alisikiliza kwa muda mrefu. Kifua kilikuwa safi.

"Siku ile ya kupimwa," Restituta alisema, sauti yake ya kawaida kabisa, "nyumbani kahawa ilikuwa imetuishia. Nikamwambia, basi ni bahati, daktari atakusikia, utarudi. Akasema hapana, atapitia kwako, utampikia."

Gozbert alibaki ameinama, sikio bado liko pale pale. Josefina akanyoosha mkono na kikombe kitupu, anataka kingine, na yeye akainuka akaenda kwenye dele, akammiminia.